Mashine yako ya milingi tayari ni kerezo

Wenzangu wenye mashine ndogo za milingi za CNC, yaani za kuchonga chuma kwa kisu kinachozunguka zikiongozwa na kompyuta, wananiuliza mara kwa mara: ninunue kifaa cha kukerezea cha kufunga mezani, chenye mota yake, au nijichange ninunue kerezo kamili? Kwa wengi wao jibu langu ni kwamba wasinunue chochote kwanza. Fungia kipande chako cha chuma kwenye spindo, palepale unapofungia kisu siku zote, halafu kisu cha kukerezea kifunge kwenye jiriwa juu ya meza. Kipande kizunguke, kisu kitulie. Ukishakerezea hivyo kwa muda ndipo utajua kama kifaa kile kinakufaa na kwa kazi ipi, maana kazi yake ipo, ila siyo ile wanayoitangaza wauzaji.

Nalishikilia jambo hili kwa sababu wengi tunaonunua mashine hizi tunazinunua kwa shida. Zinakuja kwa meli, zinalipiwa ushuru, na zikifika zina plei (ulegevu) kwenye skrubu zinazosogeza meza na nguzo isiyonyooka sawasawa. Mwenye mashine ya namna hiyo akitaka boshi ya mviringo safi, kitu cha kwanza anachojaribu ni kuichonga kwa milingi, na kazi inamtoka vibaya. Anaamua kwamba mashine ni mbovu, au kwamba lazima atafute fedha nyingine. Ukiangalia kinachotokea pale kwa karibu, unaona kwamba mashine ileile inaweza kumtolea mviringo mzuri sana bila kuongezwa hata bolti moja.

Unapochonga duara kwa milingi, kipande kimetulia na kisu kinakizunguka kwa amri za programu za G2 na G3, zile za kuchora tao. Mviringo hapo unategemea skrubu mbili, ya X (kushoto na kulia) na ya Y (mbele na nyuma), zikienda pamoja. Kila robo ya duara kuna mhimili mmoja unaogeuza mwelekeo, na pale unapogeuza ndipo plei inapojitokeza. Skrubu yenye plei ya 0.05 mm inakuachia vingazi vinne kuzunguka kipande, ambavyo unavigundua kwa ukucha kabla ya kuviona kwa macho. Programu ya kuongozea mashine inaweza kufidia plei, lakini inafidia kwa namba uliyoipima mahali pamoja pa skrubu, wakati skrubu hailiki sawa urefu wake wote. Katikati ya meza, ambako kazi nyingi hufanyika, ndiko inakolegea zaidi.

Kizungushe kipande chenyewe uone tofauti. Mviringo sasa unatoka kwenye beringi za spindo, na hata spindo ya bei nafuu huzunguka kwa usahihi unaozipita skrubu zake kwa mbali. Skrubu ya X inabakiwa na kazi moja tu, kuamua kipenyo. Ukikikaribia kipenyo hicho kutoka upande uleule kila mara, plei haipati pa kuingilia. Skrubu nyingi za mipira zinazowekwa kwenye mashine hizi ni za daraja la C7, linaloruhusu kosa la 0.05 mm katika kila mwendo wa 300 mm, na kwa kazi ya kukereza unatumia milimita chache tu za mwendo huo. Kwa hiyo udhaifu mkubwa wa mashine yako unauacha pembeni kabisa.

Hata koleti (kibanio cha ndani ya spindo) isiyo nzuri haikuharibii kazi. Kipande kikikaa kwenye koleti kikiyumba kidogo, pasi ya kwanza ya kisu inaondoa myumbo wote, na kuanzia hapo kila unachokikereza, nje na ndani, kina kitovu kimoja na mhimili wa spindo. Sharti lake ni usikifungue kipande mpaka umalize vipenyo vyote vinavyohusiana. Ukikitoa ukakirudisha, myumbo wa koleti umerudi nao.

Namna ya kupanga nayo ina utamu wake. Spindo ikizunguka kwa amri ya M3, ukiitazama kutoka juu inakwenda mwendo wa saa. Maana yake ni kwamba upande wa kushoto wa kipande uso wa chuma unatoka kwako ukikimbilia nyuma ya mashine. Basi kisu kiweke kushoto, ncha yake ielekee kulia, na uso wa kukatia ukutazame wewe uliyesimama mbele. Utaona ncha vizuri, na visu vya kawaida vya mkono wa kulia vinavyouzwa kwa ajili ya kerezo vitafanya kazi bila kugeuza mzunguko.

Halafu sifuri ya X ya G54, yaani pale programu inapoanzia kuhesabu, usiiweke kwenye kipande kama ulivyozoea. Iweke kwenye ncha ya kisu. Kipande kikiwa kulia kwa kisu, kila namba ya X utakayoiandika kwenye programu inakuwa nusu kipenyo, tena chanya. Njia ya kuipata sifuri hiyo ni rahisi: punguza uso kidogo, simamisha spindo bila kugusa X, pima kipenyo kwa maikromita. Ikisoma 18.46 mm, iambie mashine kwamba X hapo ni 9.23. Sifuri ya Z (mhimili wa kupanda na kushuka) ni pale uso wa chini wa kipande unapolingana na ncha. Ukitaka kukereza urefu wa 20 mm unaandika Z-20, kichwa kinashuka na kisu kinapanda juu ya kipande kuelekea koleti. Ukiwa na tao la kukereza, kumbuka G18 ili matao yahesabiwe kwenye bapa la X na Z.

Mhimili wa Y ndio ninaoupenda kuliko yote katika mpango huu. Kwenye kerezo la kawaida, ncha ikiwa juu au chini ya kitovu unahangaika na vipande vya bati chini ya kisu, unaongeza kimoja, unatoa kingine. Hapa kimo cha ncha kimegeuka kuwa Y, na Y unaisogeza kwa 0.01 mm ukiwa umekaa. Kata uso wa chini wa kipande mpaka katikati, kisha uutazame. Kikibaki kichuchu katikati, ncha haijafika kwenye kitovu. Sogeza Y, kata tena, mpaka uso utoke laini wote. Ukikosea Y kwa 0.2 mm kwenye kipande cha kipenyo cha 10 mm, kipenyo kinaongezeka kwa 0.008 mm tu, na unaweza usijue. Kosa hilohilo kwenye pini ya 2 mm ni 0.04 mm, na pini haiingii kwenye tundu lake. Kwa hiyo kadiri kazi inavyokuwa nyembamba ndivyo Y inavyodai uvumilivu wako.

Visu vikiwa zaidi ya kimoja, vipange kwenye bapa nene la alumini lililofungwa mezani: cha nje, cha ndani kikiwa kimesimama wima, na dirili iliyosimamishwa ncha juu. Kila kimoja kipe sifuri yake, G54, G55, G56, na kuendelea hadi G59, yaani nafasi sita. Kwa LinuxCNC, mojawapo ya programu za kuongozea mashine, zinafika tisa kwa sababu ya G59.1 hadi G59.3. Kubadili kisu kunakuwa ni kusogeza meza tu. Acha nafasi ya kutosha kati ya kisu na kisu, maana kipande kinachoning'inia kikipita juu ya dirili iliyosimama kabla kichwa hakijapanda, hakuna kitakachosalimika. Na kisu cha kukatisha kipande sikishauri kabisa kwenye mashine ndogo. Kinatetemeka, kinakwama, kinavunjika. Acha kishina, kitoe kipande, kikate kwa msumeno wa chuma, kisha geuza usawazishe uso wa pili.

Kabla ya kuamini vipimo vyako, fanya jaribio hili. Kereza mche wa alumini wa 20 mm uliotokeza kama 30 mm, pasi ya mwisho iwe nyepesi sana, halafu urudie pasi hiyo bila kuongeza kina ili mpindo wa kipande uishe. Pima karibu na koleti, pima mwishoni. Tofauti ya kipenyo ikiwa 0.03 mm, ujue mhimili wa spindo haulingani na mwendo wa Z kwa nusu milimita kwa kila mita. Kichwa kimeinama kushoto au kulia. Ni kosa linaloharibu hata milingi yako ya kila siku bila wewe kujua, na sijaona kipimo cha bei rahisi kinacholionyesha wazi kama mche huu uliokerezwa. Kichwa kikigoma kunyooka, andika programu isogeze X kidogo wakati Z inashuka, na mche utatoka sawa.

Sasa nguvu. Hapa lazima tutenganishe mashine mbili ambazo watu wanaziita kwa jina moja. Ipo mashine ya mezani yenye spindo ya gia au mkanda, inayozunguka kuanzia mia chache hadi kama 2500 kwa dakika, na ipo ile ya mhimili wa juu yenye mota ya kasi ya mizunguko 24,000, ile inayotumika kuchonga mbao na vibao vya maandishi. Ya kwanza ni kerezo zuri. Alumini ya 20 mm kwa mizunguko 2500 inapita mbele ya kisu kwa mita 157 kwa dakika, jambo ambalo kisu cha kabaidi kinalifurahia. Chuma laini cha kipenyo hichohicho kwa kisu cha HSS (chuma kigumu cha visu) kinataka kama mizunguko 400, na mashine inaweza.

Ya pili ina hadithi nyingine. Mota ya kilowati 2.2 kwa mizunguko 24,000 ina nguvu ya kuzungusha isiyofika nyutoni-mita 0.9, na ukiipunguza kasi nguvu hiyo haiongezeki, kwa sababu hakuna gia. Linganisha na kerezo dogo la kilowati 0.55: likiteremshwa kwa gia hadi mizunguko 400 linakaribia nyutoni-mita 13. Kukata chuma laini cha 20 mm kwa kina cha nusu milimita na mwendo wa 0.1 mm kwa mzunguko kunadai zaidi ya nyutoni-mita 1. Mota ya kasi itasimama hapohapo. Lakini brasi ya 12 mm, kwa pasi ya 0.2 mm na mwendo mdogo, haidai hata sehemu ya kumi ya hiyo. Nozeli, vifundo, pini na vikombe vidogo vya beringi, vyote vinawezekana. Koleti ya ukubwa wa ER20 inapokea hadi 13 mm, basi hata koleti yenyewe inakuambia kazi yako iishie wapi.

Na hapa naomba nisikilizwe kwa makini: usifunge chaki ya taya tatu, kile kibanio kikubwa cha kushikia kipande, kwenye spindo ya mizunguko 24,000. Kamwe. Chaki ina kikomo cha kasi alichokiweka mtengenezaji, na kikomo hicho kiko mbali sana chini ya kasi hiyo. Ikipasuka, kipande cha chuma kinakuja usawa wa kifua chako. Kwenye spindo ya kasi tumia koleti peke yake, na kipande kisitokeze zaidi ya mara tatu ya kipenyo chake. Usivae glavu, mikono ya shati ikunje, na maranda marefu ya alumini usiyaguse mpaka spindo isimame. Yana tabia ya kujizungusha kwenye koleti na kugeuka mjeledi. Dawa yake ni kuandika programu isimamishe mwendo kwa kitambo kifupi kila baada ya milimita mbili tatu, maranda yakatike.

Wapo watakaosema kwamba kufungia kazi kwenye spindo ni ujanja wa mtu asiye na vifaa. Si kweli. Kampuni ya EMAG ya Salach, Ujerumani, tangu miaka ya 1990 inajenga makerezo ya wima ambayo spindo iko juu, inashuka kuchukua kipande yenyewe, inakipeleka kwenye visu vilivyopangwa chini, na vipuri vya magari vinatoka humo kwa wingi. Wahandisi wale walichagua mpango huo kwa sababu maranda yanaanguka yenyewe, hayalaliani juu ya kazi. Kwenye mashine yako unapata faida hiyohiyo. Nako kwa wadogo, Sherline ya California kwa miaka mingi inauza kichwa kimoja kinachofungwa kwenye kerezo leo na kwenye nguzo ya milingi kesho. Mashine hizi mbili ni ndugu, kinachobadilika ni nani anazunguka.

Hofu ya pili ni beringi: kwamba kukereza kutaziua. Fikiria kisu cha milingi chenye meno manne kinavyopiga chuma, jino baada ya jino, mamia ya mapigo kwa sekunde. Kukereza mche wa mviringo ni msukumo mmoja usiokatika. Beringi zilizostahimili milingi zitastahimili hili, mradi usianze na chuma cha pembe nne.

Basi kifaa chenyewe cha kukerezea, kile chenye mota yake na chaki yake, kinachofungwa mezani kikiwa kimelala, kina thamani gani? Ukikinunua ili upate boshi za mviringo, umenunua kerezo dhaifu linalokula nusu ya meza na kupunguza nafasi ya Z. Tena kisu inabidi kifungwe kichwani. Wengi wanakifunga kwenye koleti ya spindo na kuizuia isizunguke. Sipendi jambo hilo. Beringi iliyosimama inapokea msukumo na mtetemo sehemu zilezile za mipira yake muda wote, na kizuizi chenyewe huwa kinalegea. Kishikio cha kisu kifungwe kwa bolti kwenye mwili wa kichwa, pembeni ya spindo, nayo spindo ibaki huru.

Thamani yake inaonekana kazi inapotaka vyote viwili. Chukua kiunganishi cha shafti, kile cha alumini kinachounganisha mota na skrubu ya mipira: kipenyo cha nje 25 mm, tundu la 8 mm upande mmoja na la 10 mm upande wa pili, mkato wa kubana, na matundu mawili ya bolti yanayoingia kwa ubavu. Matundu ya 8 na 10 yasipokuwa kwenye mstari mmoja, skrubu itayumba kila mzunguko na beringi yake ya mwisho itakufa mapema. Kwenye spindo unaweza kukereza nje na ndani kwa mfungo mmoja, lakini mkato na matundu ya ubavu yanakulazimisha ukifungue kipande ukatafute upya kitovu chake kwenye jiriwa. Kifaa kilicholala mezani kinakuondolea kazi hiyo. Kipande kinakerezwa nje kwanza, matundu ya katikati yanachimbwa kwa kisu cha pembeni, kisha chaki inafungwa isizunguke, spindo ya milingi inashuka kutoka juu na kuchimba matundu ya bolti na kukata ule mkato, na kipande hakijatoka kwenye taya tangu mwanzo. Ubavu umelingana na kitovu kwa sababu havikuwahi kuachana.

Kwa hiyo mwenye kuniuliza namuuliza nami: kazi zako zinahitaji ubavu? Anayetengeneza viunganishi, vifundo vyenye bapa, au vali ndogo zenye matundu ya kukatiza, anunue, na achague chenye chaki inayoweza kuongozwa kwa digrii kama mhimili wa nne, siyo mota ya kuzunguka tu. Anayetengeneza boshi na pini asitoe hela yake.

Nyuzi za skrubu ni suala la peke yake. Kukata nyuzi kwa kisu kunahitaji mashine ijue spindo iko digrii ngapi za mzunguko kila wakati, yaani iwe na kisomea-mzunguko chenye alama ya mwanzo. LinuxCNC ikiwa nacho inakata kwa amri za G33 au G76. Bila hicho, kila pasi itaanza mahali pake na utaharibu kipande. Mashine nyingi ndogo hazinacho. Hapo tumia tepu (ya nyuzi za ndani) na dai (ya nyuzi za nje), au kisu cha milingi cha kukatia nyuzi kikizunguka kwa mzingo wakati kipande kimetulia.

Na shafti ndefu, ya pampu au ya mashine ya kukoboa, usiing'ang'anize kwenye mashine ya mezani. Ipeleke kwa mafundi wenye makerezo makubwa, kwa sisi wa Dar es Salaam ni Gerezani, kwa wa Nairobi ni kwa jua kali wa Kamukunji. Nenda na mchoro wenye vipimo, na beringi itakayokaa juu ya shafti uibebe mkononi, fundi aijaribu palepale kabla hajaitoa kazi kwenye chaki.